Mhariri, mwandishi wako wa Arusha ana mkataba?

Ndugu Mhariri,

Heri ya kazi na poleni na majukumu huko Dar. Naandika kutoka Mianzini Arusha, nauza vipuri vya magari, na gazeti lako nalifuata toka enzi zile nakala moja inasomwa kijiwe kizima mpaka inachakaa, saivi nalisomea kwenye simu kama wenzangu wote. Kila ikifika Mei 3, siku ya uhuru wa vyombo vya habari, mnaandika tahariri nzuri sana, sheria kandamizi zifutwe, wadau wakae meza moja, serikali isikie kilio. Sawa, na naunga mkono. Ila leo nauliza la upande wa pili ambalo naona hamlipendi: yule anayewaletea habari za huku kwetu mnamlipaje, na akikamatwa saa mbili usiku nani anaenda kumtoa?

Hebu angalia walioumia. Daudi Mwangosi aliuawa Septemba 2, 2012 pale Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, alikuwa mwandishi wa Channel Ten mkoani Iringa. Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti Novemba 2017 na mpaka leo hatujui yuko wapi, naye alikuwa mwandishi wa kujitegemea anaandikia Mwananchi akiwa huko huko wilayani. Najua na Dar watu wameumia, mhariri Kibanda alipigwa vibaya 2013, mwandishi Kabendera alikaa mahabusu miezi, sisemi nyie mko salama. Nachosema ni kwamba mtu wa wilayani mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) anamjua kwa jina, mkuu wa wilaya anapajua anapokaa, mwenyekiti wa mtaa anajua mpaka watoto wake wanasoma shule gani, alafu ofisi yake iko kilomita mia sita na mkataba hana.

Hapa kwetu nako tumeyaona. Agosti 2016 Radio 5 ya Arusha na Magic FM ya Dar zilifungiwa siku ile ile. Mei 2017, baada ya ile ajali ya Karatu iliyoondoka na watoto 32 wa Lucky Vincent na walimu wao wawili na dereva, watu walienda shuleni kupeleka rambirambi, polisi wakafika wakabeba meya wa jiji, viongozi wa dini na waandishi waliokuja kuripoti. Rambirambi jamani! Sasa mwandishi wa Arusha ukimuuliza kwa nini habari fulani hajaigusa na akakujibu kwa kicheko tu, usimwite mwoga.

Alafu njoo kwenye hela, maana hapa ndo pana mambo. Korespondenti, yaani mwandishi wa mikoani asiyeajiriwa, analipwa kwa stori iliyotoka, isiyotoka hamna kitu, na ikitoka malipo yenyewe mnayajua nyie na yeye. Kutoka mjini hapa mpaka Loliondo ni safari ya kutwa nzima, Longido na Karatu unaenda na kurudi siku hiyo hiyo ila nauli na chakula na bando la kutuma picha vinakula malipo ya stori kabla hata hajaiandika. Kwaiyo anaendaje? Anapanda msafara wa mkubwa. Gari lipo, chakula kipo, na ile bahasha ya "nauli" ipo mwisho wa safari. Utaandika nini kibaya kuhusu mtu uliyekula kwenye gari lake na bila gari lake usingefika? Unaandika mheshimiwa amewataka wananchi, mheshimiwa ametoa siku saba kwa mkandarasi, mheshimiwa ameagiza. Fungua kurasa zako za mikoani mwezi wowote uhesabu mwenyewe. Na msafara wenyewe sio salama kama mnavyodhani, Januari 2022 kule Busega waandishi wa Mwanza walipoteza maisha kwenye ajali wakiwa kwenye msafara wa mkuu wa mkoa, tukalia tukazika, na usafiri wa waandishi mikoani umebaki ule ule.

Matokeo yake ni kwamba mambo yetu yanaandikwa siku akija mgeni. Mradi wa maji wa Arusha wa bilioni 520 tumeusoma kila kiongozi alipokuja kuukagua, ila mtaa gani maji yanatoka saa nane usiku tu na mtaa gani bili zinakuja na maji hayaji, hiyo utaipata kwenye kifodi (daladala) cha Ngaramtoni sio gazetini. Uwanja wa AFCON kule Olmoti tunajua utaingiza watu 30,000, tumeambiwa sana, lakini waliokuwa wanalima pale pembeni na waliofungua vibanda kutegemea ujenzi hakuna aliyewauliza chochote. Na madini ya floraidi kwenye maji ya upande wa Meru, watu wamezeeka na meno ya kahawia na wengine miguu imepinda, hiyo ni habari ya kila siku sema haina utepe wa kukata. Kikao cha baraza la madiwani wanapopitisha ushuru mpya, mimi nalipa ndo najua kimepita.

Nitaje na wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kidogo. Mkuu wa wilaya wa kule aliposimamishwa Mei 2021 magazeti yote yalifurika habari zake, akashtakiwa, akafungwa miaka 30, 2022 Mahakama Kuu ikamwachia, hatia yake mimi siijadili, mahakama imemaliza. Nachojua mimi ni kuwa stori zile pale Bomang'ombe na Moshi mjini zilikuwa zinapigwa vijiweni muda mrefu kabla, kwa sauti ya chini, na mimi msomaji nazikuta ukurasa wa mbele baada ya Rais kusema. Mwandishi aliyekuwepo kule alikuwa hajui? Alijua vizuri tu, ila angeandika alafu angelala wapi.

Kuna kijana namfahamu, jina naliacha, alikuwa anaandikia gazeti moja kutoka hapa. Akafuatilia makusanyo ya ushuru kwenye soko moja, risiti hazilingani na kinachofika benki. Hakupigwa wala hakukamatwa. Alipigiwa simu na mtu mstaarabu kabisa, "mdogo wangu mambo, bado unakaa pale pale?" basi. Akampigia mhariri wake, mhariri akamwambia stori ni nzuri ila aongeze vyanzo na awe makini. Awe makini! Kwa malipo ya stori moja. Saivi anashika kamera kwenye sendoff na anaendesha kurasa za Instagram za kampuni za utalii, anakula vizuri na mke wake ana amani, na stori ya ushuru iko kwenye diski yake nyumbani. Wewe mwenyewe ungemshauri arudi?

Wazee wa Moshi wanakumbuka Komkya, gazeti lililokuwa linatolewa pale pale Moshi miaka ya 1950 na baraza la Wachagga. Najua lilikuwa na wenyewe na hao wenyewe walikuwa na siasa zao, lakini lilikuwa gazeti la nyumbani. Leo Moshi ina hospitali ya KCMC, ina vyuo, ina chama cha ushirika cha kahawa KNCU cha toka 1933, na kwenye meza za magazeti pale stendi sijaona hata moja linaloandikwa hapo. Redio zipo, tunazishukuru kwa matangazo ya vifo maana bila hizo tungekuwa tunakosa mazishi, ila mtangazaji wa redio ndogo anayetegemea tangazo la halmashauri ataisema halmashauri?

Wengine wanasema habari zimehamia mtandaoni. Kidogo ni kweli. Ila 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka kijana mwenye blogu yake alipe zaidi ya milioni mbili ndo aandike, wengi wakafunga, na ada ziliposhuka baadae waliorudi wengi wao walirudi na maikrofoni za kumuuliza msanii ameachana na nani. Alafu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa siku kadhaa, hapo ndo nilielewa tumefika wapi, maana magari hayatembei, milio inasikika, na hakuna anayeweza kukwambia kwa uhakika kuna nini Sakina au kuna nini Unga Limited, kila pikipiki ya toyo inayopita ina habari yake. Ukiniuliza nini kinatokea mji ukikosa waandishi wake nitakwambia siku zile.

Kichekesho ni kwamba mahakama za kutetea haya ziko hapa hapa mjini kwetu. Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema Machi 28, 2019 kwamba vifungu kibao vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinavunja mkataba wa jumuiya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema 2014 kwenye kesi ya Konaté wa Burkina Faso kwamba kumfunga mwandishi kwa kashfa sio sawa, alafu Novemba 2019 serikali yetu ikaondoa ruhusa ya mwananchi kupeleka kesi pale moja kwa moja. Majengo tunayaona tukipita. Bunge lilirekebisha sheria 2023 na kuna mazuri yameingia, kashfa imeacha kuwa jinai, ila yule mwenye leseni yenu mkononi bado anayo, nyie mnajua zaidi yangu.

Ila kumpa mkataba korespondenti wa Arusha haihitaji Bunge. 2023 kamati ya Tido Mhando iliundwa kuangalia hali ya uchumi ya vyombo vya habari, mkaiandika sana, sasa tuandikieni na hali ya kwenu ndani. Mlipeni nauli kabla hajaondoka. Muwe na wakili Arusha na mwingine Moshi ambaye namba yake mwandishi anayo kwenye simu, na siku akipigiwa simu ya "bado unakaa pale pale" ile simu iwe habari ya ukurasa wa mbele kesho yake yenye jina lako wewe Mhariri, sio la kwake. Tangazo la mkubwa mtalikosa siku hiyo, najua. Sisi tutanunua nakala, hata kijiweni tutachanga.

Na kama barua ni ndefu, ya mahakama kata, ya Komkya kata, ya mkataba usikate.

Msomaji wako,
Mianzini, Arusha