Kabla hamjamwita mshauri elekezi

Gangilonga, Iringa
14 Julai 2024

Rafiki yangu mpendwa,

Kamwene! Barua yako niliipata Jumatano, nikaisoma nimejifunika blanketi maana upepo wa Iringa mwezi huu unaingia hadi kwenye mifupa. Nashukuru kusikia mama amepata nafuu. Mpe pole zangu. Na hongera sana, dada yangu, kwa mradi wa lishe na kwa kukabidhiwa dawati la ufuatiliaji na tathmini.

Umeniuliza kama fedha za robo ya kwanza zimlete mshauri elekezi kutoka Dar awatengenezee mfumo wa kufuatilia mradi, au wewe uende kozi ya wiki mbili. Mimi nasema yote mawili yasubiri kwanza. Ngoja nikusimulie yaliyotupata sisi.

Mradi wetu wa kwanza wa lishe ulikuwa Kilolo. Mshauri alituandalia bangokitita la kupendeza, lile jedwali la malengo ya mradi na namna ya kuyapima, na kiashiria kikuu cha hali ya mtoto kikawa kipimo cha mzunguko wa mkono wa juu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakapewa zile tepe za rangi, wakapita nyumba kwa nyumba. Unazijua: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani, chini ya 11.5 ni nyekundu. Kila mwezi ilikuwa kijani, kijani, kijani. Tukaandika ripoti kwamba watoto wanaendelea vizuri, mfadhili akatupongeza. Halafu yakatoka matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022. Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa watoto wa chini ya miaka mitano Iringa ulikuwa asilimia 56.9, mkoa wa kwanza nchi nzima, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Njombe, jirani zetu, 50.4. Jioni ile nilikaa na ripoti zetu mezani, machozi yakanitoka.

Utepe haukuwa na kosa. Kazi yake ni kumgundua mtoto aliyekonda, aliyepungua mwili kwa njaa au ugonjwa wa karibuni. Watoto wa huku hawakondi. Ugali upo, viazi vipo, mashavu yamejaa. Shida yao ni kimo kisicholingana na umri, na hiyo huioni mpaka uwe na ubao wa kupimia urefu na tarehe ya kuzaliwa ya kweli. Tulikuwa tunapima kwa uaminifu kabisa kitu ambacho hakikuwa tatizo letu.

Lakini kilichoniuma zaidi nilikisikia baadaye. Mhudumu mmoja, mama wa makamo, aliniambia alishaliona tangu mwezi wa kwanza: "Nilikuwa nambeba mtoto wa miaka mitatu, naona kama wa mwaka na nusu. Kwenye fomu hapakuwa na pa kuandika." Alikuwa akileta fomu zake ofisini kila mwezi, anasaini daftari la posho, anaondoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje. Wala mimi.

Ndiyo maana nakusihi uanze na watu mlio nao. Sisi tuliweka mchana mmoja kila mwezi: wahudumu, dereva, mhasibu, mkurugenzi, wote tunakaa na takwimu za mwezi uliopita zimeandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani, na anayeanza kuzungumza ni aliyezikusanya. Miezi ya kwanza walikaa kimya, wakidhani wanakaguliwa. Usikate tamaa hapo. Mwezi wa nne mhudumu mmoja alisimama akasema namba za kijiji chake si sahihi kwa sababu siku ya kupima kina mama wengi walikuwa shambani, waliokuja ni wale wanaoishi karibu na zahanati. Amekwambia habari ya sampuli, kwamba waliopimwa hawawakilishi wote, bila kusoma kitabu! Tukahamishia upimaji kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, na wasiofika wanafuatwa nyumbani jioni.

Kupima urefu kunataka watu wawili na mazoezi mengi. Mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa, mkubwa husimama, magoti yamenyooka, na kila mtoto apimwe mara mbili. Umri chukua kwenye kadi ya kliniki. Kadi ikikosekana, tengenezeni kalenda ya matukio ya kijiji: alizaliwa kabla au baada ya mavuno, msimu wa ulanzi (pombe ya mianzi), uchaguzi.

Hata hivyo usimwahidi mfadhili kwamba udumavu utashuka ndani ya miaka miwili kwa nguvu ya mradi mdogo. Chagueni kitu kilicho karibu na kazi yenu. Sisi sasa tunauliza mtoto wa miezi 6 hadi 23 alikula nini jana, mchana na usiku, tunahesabu kama alipata angalau makundi matano ya vyakula kati ya manane, maziwa ya mama yakiwemo. Hilo mama analielewa, mhudumu analielewa, na linaonyesha mapema kama mafunzo ya upishi yameingia jikoni au yameishia kwenye orodha ya mahudhurio. Jaribuni maswali kwa Kinyakyusa, lugha ya huko kwenu, kabla ya kuyatia kwenye simu. KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu, inafanya kazi hata pasipo na mtandao, nasi hatuilipii, ila swali bovu hubaki bovu hata likiwa kwenye simu.

Mambo mengine kwa haraka. Wafundisheni watu wawili, asiwe mmoja. Wetu wa kwanza aliondoka na nywila zote. Ombeni ridhaa ya wazazi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na kwenye bajeti ombeni asilimia 5 hadi 10 kwa ajili ya kazi hii, mkiandika nauli za wahudumu waziwazi.

Mkishafanya miezi sita hivi, mtajua mnachokosa. Hapo mwiteni mshauri mkiwa na maswali yenu mkononi, au nenda kozi.

Nitakuja Mbeya kwa Nane Nane. Tukutane viwanja vya John Mwakangale, nishuke nawe Tukuyu siku mbili. Nitabeba ubao wetu wa mbao tufanye mazoezi na wahudumu wako. Waambie waje na daftari zao, na mwenye manung'uniko mengi kuliko wote asikose.

Wako akupendaye,
rafiki yako wa Gangilonga