Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Pama za Italia na Uamuzi Wetu Kuhusu Ukarabati

Ndugu wanachama,

Nianze na jambo lililotugawa mwaka huu kuliko jingine lolote. Pama, yaani kofia yenye ukingo, ya zamani ya Kiitaliano ikifika mikononi mwetu na utepe uliofifia, bitana iliyochanika na mkanda wa ndani wa ngozi uliokakamaa, tuifanye mpya au tuiache ilivyo? Baadhi yenu mlisema kofia ni ya kuvaliwa, na bitana iliyooza haina faida kwa mtu. Wengine mlisema msijaribu hata kuigusa. Kamati imesikiliza pande zote na kuamua: kofia zilizo katika hazina ya chama hazitabadilishwa utepe, bitana wala mkanda wa ndani. Kofia za mwanachama binafsi ni mali yake, ila namsihi anisikilize kwanza.

Tazameni zile za Borsalino. Giuseppe Borsalino alijifunza ufundi Paris, kisha tarehe 4 Aprili 1857 akafungua karakana Alessandria, katika jimbo la Piemonte, pamoja na ndugu yake Lazzaro. Giuseppe alifariki mwaka 1900 na mwanawe Teresio akashika kazi. Miaka michache baadaye Giovanni Battista, mwana wa Lazzaro, akajitenga na kuanzisha kiwanda chake mjini humo humo. Ndipo wale wa kwanza wakawa wanajitambulisha kwa maneno “Antica Casa”, nyumba ile kongwe, ili mnunuzi asichanganye. Haya yote tunayasoma wapi? Kwenye bitana na kwenye ngozi ya ndani. Nembo inayotaja tuzo ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 inatuhakikishia kwamba kofia haikutengenezwa kabla ya mwaka huo. Jina la duka lililoiuza, liwe la Milano au la Buenos Aires, linatuonyesha ilikopita. Fundi wetu wa mtaani, kwa nia njema kabisa, huvivua vitu hivyo na kuvitupa, kisha anakurudishia kofia nzuri ya kuvaa ambayo haina tena la kusema.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Mwaka 1913 kiwanda kile cha kwanza kilitoa kofia zinazokaribia milioni 2, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wake walikuwa wanawake; mjini Alessandria waliitwa “borsaline”. Walioshona tepe na bitana ni hao. Ukiigeuza kofia na kufunua mkanda wa ngozi, utaona mishono ya mkono, midogo na iliyokazwa vizuri, ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote ndani ya kofia hiyo. Jina la mwenye kiwanda limechapwa kwa dhahabu. Kazi ya yule mama ipo kwenye uzi tu, na uzi ukikatwa imekwisha. Sioni kwa nini chama kinachojiita cha wapenzi wa kofia hizi kiwe ndicho kinachoukata.

Kuhusu kuipiga kofia upya kwenye kalibu, lile umbo la kuitengenezea, nako tumeweka masharti. Felti, yaani manyoya yaliyogandamizwa ambayo kofia hizi zimetengenezwa nayo, haifumwi. Manyoya ya sungura, na kwa zile za bei ya juu ya biva, hupulizwa juu ya koni kubwa yenye matundu inayovuta hewa ndani, yakamwagiwa maji ya moto, kisha yakasuguliwa na kugandamizwa mara nyingi kwa maji moto mpaka koni ya manyoya imesinyaa na kukaza. Nguvu ya kofia inatoka katika kule kusinyaa. Ukiivuta upya kwa mvuke mwingi ili ikuenee kichwa, unalegeza kilichokazwa, na ukingo wake hautakaa tena sawasawa. Hata bonde la juu ni sehemu ya historia. Kwenye kikao chetu kimoja tulisimuliwa habari za mbunge Cristiano Lobbia, aliyeshambuliwa Firenze mwezi Juni 1869 akiwa amefichua kashfa ya tumbaku. Inasemekana pigo lilibonyeza kofia yake, wauza kofia wakaanza kuuza zilizobonyezwa vile, na hadi leo Waitaliano huiita lobbia.

Basi kinachoruhusiwa ni nini? Brashi laini, kwa kufuata mwelekeo wa manyoya. Mvuke kidogo, kwa mbali, pale tu ukingo ulipopinda. Kofia ihifadhiwe juu chini, isikalie ukingo wake, na ishikwe kwa ukingo, maana vidole vinavyobana kichwa cha kofia ndivyo vinavyopasua mbele. Nondo ndio adui yetu mkubwa katika miji ya pwani. Kagueni kila mara, hasa chini ya utepe. Na msisahau zebaki: manyoya ya kutengenezea felti yalikuwa yakitibiwa kwa dawa ya zebaki, iliyowatetemesha mikono mafundi wengi, na mabaki yake yanaweza kuwa bado yamo. Pigeni brashi nje penye hewa, nawaeni mikono, na watoto wasichezee kofia kongwe.

Naomba pia tuache kulikimbilia jina moja. Sagliano Micca, karibu na Biella, kulikuwa na Barbisio, na Cervo iliyoanzishwa na mafundi wenyewe kwa ushirika mwaka 1897. Ghiffa, kando ya Ziwa Maggiore, alikuwako Panizza, na leo pana makumbusho ya ufundi wa kofia. Monza nako viwanda vilijaa. Kofia nzuri kuliko zote tulizopata mwaka huu ni ya Barbisio ya kijivu. Ilitoka kwa familia ya mzee wetu wa Moshi aliyetangulia mbele ya haki, na naishukuru familia hiyo kwa moyo wote. Wengi wetu tulianzia kwenye mitumba ya Karume na Gikomba, na huko Barbisio hupitwa kwa sababu watu wanatafuta herufi za Borsalino.

Mwenzetu anayeishi Torino alitembelea kwa niaba yetu makumbusho ya Borsalino yaliyofunguliwa Alessandria mwaka 2023, katika jengo la ofisi za zamani. Picha zake zimo kwenye jalada la katibu.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Ada zimelipwa vizuri, na kiasi kikubwa kimetumika kununua kabati lisilopitisha nondo.

Kwenye mkutano mkuu tutaanza daftari la kofia. Kila mwanachama alete kofia moja ikiwa imelala juu chini ndani ya boksi, na karatasi yenye maandishi yote ya ndani, yaliyonakiliwa kwa penseli herufi kwa herufi, hata yale yasiyosomeka vizuri. Kalamu za wino hazitaruhusiwa mezani. Usajili utaanza saa 3 asubuhi, kabla ya uchaguzi wa kamati.