Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii: Tufungulie uga wa KICC

Mheshimiwa Waziri,

Toa noti yoyote mfukoni mwako, iwe ya hamsini au ya elfu moja. Katika noti zilizozinduliwa 2019, zote zina jumba la KICC, yaani jumba la mikutano la Kenyatta jijini Nairobi, upande wa mbele. Mkenya analibeba jumba hilo kila siku, hata yule ambaye hajawahi kukanyaga Nairobi. Nakuandikia kwa sababu limo chini ya wizara yako, nami nina ombi moja kuhusu uga wake.

Nyumbani kwetu, juu ya kabati la vyombo, kuna picha ya mama yangu amesimama mbele ya sanamu ya Mzee Kenyatta. Amevaa gauni la Jumapili, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Nyuma yake mnara umekatika kileleni kwa kuwa mpiga picha alishindwa kuuingiza wote. Kijijini, picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba mtu kweli amefika Nairobi. Nimekaribishwa katika nyumba nyingi tangu hapo na kuiona ukutani, watu tofauti, sanamu ile ile, mnara ule ule uliokatika kichwa.

Jumba hilo lilipopangwa miaka ya sitini, lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Walioliunda ni Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na David Mutiso wetu. Mzee alitaka kikubwa zaidi ya walichoanza nacho, kisha ikajulikana kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zingefanya mkutano wao wa mwaka hapa Nairobi mwaka wa 1973. Ofisi ya chama ikageuka ukumbi wa dunia, na mnara ukapanda hadi mita 105. Lakini wasanifu hawakusahau walikuwa wanajenga wapi. Kuta ni rangi ya udongo mwekundu, na ukumbi ulio kando ya mnara umechongoka kama paa la msonge. Kati ya vitu hivyo wakaacha uwanja wazi. Naamini uwanja huo ni sehemu ya mchoro kama ulivyo mnara wenyewe, maana mnara mrefu hauonekani bila mahali pa kusimama ukautazama.

Na ukisimama pale, geuka polepole. City Hall iko ng'ambo ya barabara. Mahakama ya Juu iko ubavuni, Basilika ya Familia Takatifu hatua chache tu, Bunge na kaburi la Mzee upande wa machweo, Harambee House, ofisi ya Rais, upande wa kusini. Sijui mahali pengine nchini ambapo mtoto wa shule anaweza kuonyeshwa kwa kidole mihimili yote mitatu ya serikali bila kupanda matatu.

Lakini pale pana uzio, malango na ukaguzi. Mwananchi anayetoka City Hall Way kwenda Harambee Avenue huzunguka. Ninaelewa chanzo chake. Bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998 lililipuka mwendo mfupi tu kutoka hapo na kuua zaidi ya watu 200. Hakuna mkazi wa mji huu anayeuchukulia usalama kimzaha. Siombi mlango wa jumba uachwe bila mlinzi. Naomba ukaguzi ufanyike mlangoni mwa jumba, na uga urudishiwe watu.

Kwa nini sasa? Kwa miaka mingi jibu la ombi kama hili lilikuwa mikutano mikubwa. Mkutano wa tabianchi wa Afrika ulipofanyika pale Septemba 2023, barabara za jirani zilifungwa, na wengi tulivumilia kwa sababu wageni ni wageni. Lakini ukumbi mpya wa kimataifa unajengwa kule Bomas, nje ya katikati ya jiji. Misafara ya marais ikihamia huko, uga wa KICC utabaki kuwa wa nani? Usiwe maegesho ya magari, Mheshimiwa. Mwaka wa 2023 jumba lenyewe liliwekwa katika orodha ya mashirika 11 ya kubinafsishwa, na jambo hilo likafika mahakamani. Hofu ya kulipoteza bado ni mbichi.

Ninachoomba hakihitaji zabuni kubwa. Njia ya miguu iwe wazi kutoka asubuhi hadi jioni, ikatize kati ya barabara hizo mbili. Viti vya kukalia, na miti ya kivuli, kwa maana jua la saa saba pale halina huruma. Wapiga picha wapewe vibali na mahali pao panapojulikana, wasiwe watu wa kufukuzwafukuzwa. Wao ndio waliolipeleka jumba hili vijijini kabla ya noti. Na siku moja kwa wiki wanafunzi wapandishwe juu hadi kwenye uwanja wa helikopta bila malipo, wauone mji wao.

Mama sasa ana wajukuu, na anataka wapigwe picha pale pale aliposimama. Nimemwambia asubiri kidogo, nakuandikia kwanza. Tafadhali tujibu hadharani, kabla ukumbi wa Bomas haujafunguliwa.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Nairobi