Maji yalipofika paandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na halmashauri zetu za Lindi na Mtwara, na pia na watafiti wanaokuja huku kusini kila maafa yanapotokea. Ombi langu halizidi gharama ya kopo la rangi ya mafuta na brashi: mafuriko yakipita, ipakwe alama ya kudumu inayoonyesha maji yalifika wapi, na tarehe iandikwe pembeni.

Kimbunga Hidaya kilipotupiga Mei 2024, habari iliyotangazwa sana ilikuwa ya barabara ya Dar es Salaam kukatika Somanga na abiria kukwama njiani. Kina cha maji ndani ya nyumba za watu hakikuandikwa popote ninapopajua. Mimi ni fundi ujenzi, na baada ya mafuriko ndio sisi tunaoitwa. Siku maji yanaposhuka, ukuta unakueleza kila kitu. Mstari wa tope umenyooka kama uliopigwa kwa uzi, makapi na majani makavu yamenasa kwenye senyenge, plasta ya chini imevimba na ya juu yake iko salama. Wiki moja baadaye mwenye nyumba ameshafagia na kuosha, na akiwa na uwezo ameshatuita tupake rangi. Hana kosa, nani atake kulala anatazama tope? Ila ushahidi ndio umekwenda. Anakuja mtafiti miezi mitatu baadaye na kishikwambi chake, anauliza maji yalifika wapi. Huyu anaonyesha goti, jirani yake anaonyesha kiuno, na wote wanasema kweli, kwa kuwa mmoja kainua msingi na mwenzake kajenga chini.

Vipimo hivi vina kazi. Mhandisi anayechora daraja au kalavati hupiga hesabu ya mvua kubwa inayotarajiwa mara moja katika miaka 25, 50 au 100. Hesabu hiyo inataka kumbukumbu ndefu, na vituo vya kupima mvua huku kwetu ni vichache. Mvua inaweza kumwagika bara, huko mito inakoanzia, na mji wa pwani usipate hata manyunyu. Ramani za mafuriko zinazochorwa kwa kompyuta nazo husahihishwa kwa kuzilinganisha na mahali maji yalipofika kweli. Pasipo alama, kompyuta itachora inavyojua na hakuna wa kuibishia.

Kuna wanaosema Tanzania si nchi ya vimbunga. Ni kweli tuko karibu na Ikweta, ambako vimbunga havipati nguvu ya kuzunguka vizuri, na Madagaska hutukinga na vingi vinavyotoka mashariki. Lakini Zanzibar ilibomolewa na kimbunga Aprili 1872. Lindi yetu ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kiliingia Cabo Delgado huko Msumbiji, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, na Mtwara watu wa mabondeni wakaambiwa wahame. Jobo kilisogea Aprili 2021 kikaishiwa nguvu kabla ya kufika pwani. Kisha Hidaya. Ukiziangalia tarehe hizo utaona zote ni Aprili au mwanzo wa Mei, mwisho wa mvua zetu za msimu, ardhi ikiwa imeshashiba maji na mito imejaa. Sijui watu wa hali ya hewa watasemaje, ila mimi Aprili simwagi zege la msingi bondeni.

Kimbunga hicho cha 1952 ndicho kinachonikera zaidi. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka ule sasa amevuka 80. Wapo wazee wanaoweza kukuonyesha kwa kidole bahari ilipanda hadi mtaa gani, upepo ulianzia upande gani na ukageuka saa ngapi. Kugeuka huko ni jambo kubwa kwa mtafiti, maana humwambia kitovu cha kimbunga kilipita upande gani wa mji. Wazee hao hawahitaji dodoso la kurasa thelathini. Wanahitaji kijana mwenye simu ya kurekodi na subira ya kukaa nao barazani asubuhi nzima.

Wajapani wana kijiji kinaitwa Aneyoshi. Baada ya tsunami ya 1933, walisimamisha jiwe mlimani linalokataza kujenga chini yake. Tsunami ya 2011 ilipokuja, maji yaliishia chini ya jiwe lile na nyumba zilizokuwa juu zikabaki zimesimama.

Najua madalali wa viwanja hawatanipenda. Eneo la bondeni huuzwa kiangazi, likiwa kavu, tambarare na karibu na barabara, na alama nyekundu inayofika kifuani itashusha bei. Ishuke! Mnunuzi anayetoka Masasi au Newala na pesa zake za korosho atajuaje kwamba pale alipopenda pana njia ya maji?

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa, kwa hiyo watu wa kufanya kazi hii wapo. Kamati ipite ndani ya siku mbili na futi kamba, ipime kutoka usawa wa ardhi (si sakafu, sakafu zinatofautiana), ipige picha, iandike kwenye daftari la mtendaji, kisha ipake alama kwenye jengo lisilohamishika: shule, zahanati, nguzo ya daraja. Nakala ipelekwe Mamlaka ya Hali ya Hewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Na mtafiti atakayezitumia aiache ramani yake ofisini kwa mtendaji, kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani.

Nawe Mhariri, ukiweza, wape nafasi wasomaji wenye wazazi au mabibi waliokiona kimbunga cha 1952 wakuandikie. Mimi nitaanza na mzee mmoja wa hapa mtaani, amekubali tukae naye Ijumaa baada ya swala.

Fundi ujenzi,
Lindi Mjini