Peti za simu ni jasho la mtoto, wakubwa muache kuwapunja

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua manake jambo hili nimelisema mtaani mpaka nimechoka na kila nikilisema naambiwa "aa, si mchezo tu huo wa simu". Nazungumzia watoto wetu hapa Kisauni, na najua Likoni, Majengo na Bamburi ni hivo hivo, wanavyodhulumiwa peti zao, wale wanyama wa mchezoni, na wakubwa wao kwenye ule mchezo wa Adopt Me ulio ndani ya Roblox, programu yenye michezo mingi. Wazazi wengi wanauona ukipita tu kwenye simu, vijumba vya rangi rangi, wanyama wa macho makubwa, wanafikiri ni katuni. Mimi naucheza, tena naucheza sana usiku nikishamaliza kazi, kwa hivyo wacha nieleze kidogo kwa wale wasioujua ndio muelewe kwa nini nimekasirika.

Mchezo ulianza 2017. Unanunua yai kwa pesa za humo humo mchezoni, unalitunza mpaka liangue, anatoka mnyama, na hao ndio tunaita peti. Kuna peti wa kawaida wamejaa tele na kuna wa juu kabisa wanaitwa legendari. Kumpata legendari si mchezo, yai la kifalme peke yake ni pesa 1,450 na nafasi ya kutoka legendari ni 8 kwa 100, na hata akitoka unaweza kuwa unataka Unicorn ukapewa Dragon. Alafu peti anazaliwa mchanga, anataka kula, kunywa, kuoga, kulala, kwenda skuli, akiugua unampeleka kwa daktari, anapanda hatua moja moja, ziko sita, mpaka awe mkubwa kamili, na legendari anachukua muda mrefu kuliko hao wengine wote. Ukifikisha wanne wa aina moja, wote wakubwa kamili, unawapeleka kwenye pango chini ya daraja wanaunganishwa wanakuwa mmoja anayewaka mwili, huyo ni neoni. Na neoni wanne ukiwalea tena mpaka wakue unapata mega neoni. Piga hesabu, hao ni wanyama 16 kwa mmoja. Kwa mtoto ambaye simu ni ya mamake, anaipata baada ya chuo (madrasa) na kabla ya Isha, na bando lenyewe la kuomba, hiyo ni kazi ya miezi.

Sasa hapo ndio kwenye tredi, yaani kubadilishana. Wachezaji wawili wanafungua dirisha, kila mmoja anaweka vitu vyake upande wake, wakikubaliana wanabonyeza, vitu vinahama. Waliotengeneza mchezo hawakuweka bei ya peti kwa peti, bei wanaiamua wachezaji wenyewe kulingana na ugumu wa kumpata. Shadow Dragon kwa mfano aliuzwa kwenye sherehe za Halloween ya 2019 kwa Robux 1,000, zile pesa za Roblox zinazonunuliwa kwa pesa halisi, kisha akaondolewa, kwa hivyo leo hii huwezi kumnunua dukani, mpaka mwenye naye akubali kubadilishana, na ndio maana anaombwa kwa vitu vingi mno. Mambo kama haya barobaro wa miaka 16 anayajua yote kichwani. Mtoto wa gredi ya tatu hayajui, yeye anaangalia macho ya mnyama akiyapenda basi.

Nitoe mfano mmoja ambao nimeuona kwa macho yangu. Binti wa jirani yetu, huyo wa gredi ya tatu, alikuwa na Unicorn neoni, amelea wanne mwenyewe na sisi hapo nyumbani tulikuwa tunajua kila hatua manake alikuwa anakuja kutuonyesha. Siku moja barobaro wa mtaa wa pili akakaa naye barazani akamwambia fungua tredi. Upande wa mtoto ikawekwa Unicorn, peke yake. Upande wa barobaro akaanza kujaza, mbwa, paka, vigari vya kusukumia watoto, mipira, kofia, vitu vya kuokoteza ambavyo mchezo unavigawa bure karibu kila siku, akajaza jaza mpaka dirisha likapendeza. Mtoto akaona vitu vingi vinakuja na kimoja kinatoka, akafurahi. Mchezo wenyewe ukatoa onyo kwamba tredi haiko sawa, lakini onyo limekuja kwa Kizungu, na kijana anamwambia "bonyeza hiyo ya kijani, bonyeza tena". Akabonyeza. Kijana akaondoka hapo hapo, na jioni alishaweka picha ya Unicorn kwenye stetasi yake ya WhatsApp na vicheko.

Mtoto alikuja kuelewa kesho yake wenziwe walipomcheka. Hakulia kwa sauti, alikuwa anaenda kwenye ile orodha ya peti zake anaishusha, anaipandisha, anaitafuta tena.

Nilipomwita yule kijana, na nilimwita kwa adabu, akaniambia "Anti, biashara ni maelewano, alikubali mwenyewe". Na watu wazima waliokuwa hapo, watu wenye watoto, wakamuunga mkono. Mwengine ananiambia mwenye macho haambiwi tazama. Hili ndilo lililonifanya niandike, manake kama wakubwa wanaona hilo ni sawa basi hatuna cha kuwaambia vijana.

Maelewano ni watu wawili kuelewa. Hapa aliyeelewa ni mmoja. Mtu akienda sokoni Kongowea akapangiwa nyanya nzuri juu na mbovu chini ya kreti hasemi "basi nilikubali mwenyewe", anarudi na kreti yake na soko zima linamtetea, kwa nini mtoto akipangiwa dirisha zuri tumwambie ni ujinga wake? Na hawa si watu wawili waliolingana. Sheria ya Kenya inasema utu uzima ni miaka 18. Na sisi wengi hapa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, chuoni tumesomeshwa kwamba mtoto ambaye hajabaleghe biashara yake haisihi, walii wake ndiye anayesimamia. Tumesomeshwa pia anayetughushi si katika sisi, na sijasikia popote ikisemwa kwamba kwenye simu inaruhusiwa.

Sisemi kila tredi isiyolingana ni dhulma, hapana, na wengine wanaonipinga wanafikiri ndio ninachosema. Mimi mwenyewe nimewahi kutoa peti wa thamani nikachukua wa chini kwa sababu nampenda pengwini, na nilijua ninachokitoa, sikujuta. Zile orodha za bei ziko mitandaoni zenyewe hazikubaliani, hii inasema peti huyu yuko juu ya yule, ile inasema kinyume, na wiki ijayo zote zimebadilika kwa sababu kumetoka yai jipya. Kwa hivyo huwezi kusema haki ni lazima zile namba zilingane. Ninachosema mimi ni kwamba yule anayejua zaidi amwambie asiyejua, kwa lugha anayoielewa, kabla hajabonyeza: "Huyu wako ni mkubwa kuliko hivi vyangu vyote, watu wangekupa kadha wa kadha, bado unataka?" Mtoto akisema nataka, na mkubwa wake yuko hapo anasikia, basi hiyo ni tredi ya halali hata kama mimi nisingeifanya.

Mchezo umejaribu upande wake, hilo niwape. Tangu 2020 kuna leseni ya kutredi, unajibu maswali kuhusu utapeli ndio uruhusiwe kubadilishana peti wa juu. Mmoja akibadilisha kitu dirishani wakati mmeshakubaliana lazima muanze kukubali upya na kusubiri sekunde kadhaa, manake zamani watu walikuwa wanamtoa neoni dakika ya mwisho wanaweka wa kawaida anayefanana naye. Lakini hiyo leseni watoto wadogo wanafanyiwa na kaka zao! Wanawapa simu, kaka anajibu maswali kwa dakika mbili, mtoto anarudishiwa simu akiwa na leseni na hajui hata swali moja lilisemaje. Mzazi, kama umeona mwanao ana leseni muulize maswali yalikuwa nini.

Hapa kwetu tumeanza kitu na kinafanya kazi, ndio nakileta kwenye gazeti wengine wakiige wakipenda. Watoto wa mtaa wanakuja barazani kwetu baada ya Alasiri na peti wa legendari au neoni hatredi mtu mpaka kuwe na mkubwa mmoja anayeujua mchezo ameangalia pande zote mbili na kuzisema kwa sauti. Kisha tumeweka khiari, ile haki ya kuvunja biashara iliyoko kwenye vitabu vya dini, tredi ikifanyika leo mtoto ana mpaka Magharibi ya kesho kusema amejuta na vitu vinarudi, hakuna kuulizwa sababu. Mchezo hauna kitufe cha kurudisha, kwa hivyo inabidi mufungue dirisha tena mubadilishane upya, na hapo ni neno la mtu tu. Mabarobaro wawili watatu walikataa mwanzoni wakasema hiyo sio biashara. Sasa wao ndio wanakuja zaidi, manake watoto wameacha kutredi na mtu wa nje ya baraza, na kama unataka peti fulani itabidi uje ukae uongee vizuri kama watu. Na kila tredi kubwa tunapiga skrinshoti, mali bila daftari huisha bila habari, na mwenye leseni anaweza kufungua historia ya tredi zake ndani ya mchezo akaona nani alichukua nini na akamripoti mtu kutoka hapo hapo.

Wale matapeli wa moja kwa moja sitawazungumzia sana, hao ni wezi na kila mtu anakubali ni wezi. Yule wa "nipe kwanza nikutengenezee mega nitakurudishia", harudishi. Yule anayesema dirisha linabeba vitu 18 tu kwa hivyo vilivyobaki atakupa tredi ya pili, hiyo tredi ya pili haiji. Yule wa Robux za bure anayekutumia linki uandike pasiwedi, akaunti yote inaenda. Mtoto afundishwe jambo moja: kama kitu hakimo ndani ya dirisha saa hii basi hakipo. Na mtu asiyemjua akimwambia waende WhatsApp ndio ampe peti, au atume picha yake kwanza, hapo tena si habari ya peti, mzazi upige 116, ni ya bure, ni ya watoto.

La mwisho ni la pesa. Siku hizi kuna watu wa vibanda vya gemu wanakuwa madalali, wanawanunulia vijana peti zilizochukuliwa kwa watoto kisha wanaziuza kwa M-Pesa kwa wanaotaka. Kwanza sheria za mchezo zinakataza kabisa kuuza peti kwa pesa halisi, ukikamatwa akaunti inafungwa na mnunuzi hana pa kulalamika. Pili ndio hao wanaowapa mabarobaro hamu, bila mnunuzi yule kijana wa Unicorn asingekuwa na haraka ile. Nyinyi wenye vibanda mnajulikana na watoto wetu wanacheza kwenu, nawaomba kwa heshima mkiletewa peti muulize imetoka kwa nani, na kama ni ya mtoto mdogo muiite familia yake kabla hamjatoa hata shilingi hamsini. Na wewe kijana wa mtaa wa pili kama gazeti hili litakufikia, baraza letu ulijua, dirisha la tredi liko wazi, na hakuna atakayekugombeza.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa