Wa kumpiga Mayweather

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Nisalimie shemeji na watoto, waambie tunawakumbuka. Barua yako imefika, na ile hoja yako kwamba bondia Mfilipino Manny Pacquiao wa mwaka 2009 angemvua kila mkanda Floyd Mayweather, yule bondia Mmarekani asiyepigika, imenikaa kichwani. Nimeona nikujibu kwa kalamu, maana kwenye simu huwa tunapokezana kelele na hakuna anayemsikia mwenzake.

Pacquiao wa kipindi kile alikuwa moto, sikatai. Desemba 2008 Oscar De La Hoya alibaki kwenye kiti chake baada ya raundi ya nane, hakuinuka kuendelea. Mei 2009 Hatton akalazwa raundi ya pili. Novemba mwamuzi akamwokoa Cotto kwa kusimamisha pambano raundi ya kumi na mbili. Ila wote watatu walikubali kusimama mbele yake wapigane. Pacquiao hushambulia kwa kuruka ndani na mkono wake wa kushoto, na mtu aliyeruka, kwa nukta moja, hana miguu ya kumtoa hatarini. Nukta hiyo ndiyo Floyd anayoingoja ili aachie mkono wa kulia ulionyooka. Mwaka 2015 Las Vegas, Pacquiao alirusha ngumi 429, zikafika 81 tu. Utaniambia bega lake lilikuwa bovu na umri umekwenda. Haya, mtazame Zab Judah, Aprili 2006: kijana, mshoto (anayetegemea mkono wa kushoto, kama Pacquiao), mikono myepesi kama ya Floyd mwenyewe. Raundi za mwanzo alimsumbua kwelikweli. Pambano lilipofika katikati, Floyd alikuwa ameshamsoma, na Judah hakuwa na jambo la pili la kumwonyesha.

Ushoto unasaidia, na sababu iko kwenye kinga yenyewe. Floyd husimama ubavu: bega la kushoto limepanda kufunika kidevu, mkono wa kushoto umelala tumboni, wa kulia uko shavuni. Ukimrushia mkono wa kulia unateleza juu ya bega, na kabla hujaurudisha umeshajibiwa. Ngumi iliyonyooka ya mshoto inapita upande ambao bega halifiki. Hiyo ni faida ya raundi tatu au nne, swahiba. Kwa Floyd, pambano ni raundi kumi na mbili.

Mimi nashikilia kwamba wa kumpiga ni yule anayemsogelea kwa akili na kupiga kisichoweza kukwepa. Kichwa cha Floyd kinakwepa. Kifua, mbavu, nyonga na mikono yake haviwezi kwenda popote. Wengi wanapokosa kichwa mara tano wanaona aibu, wanapunguza kurusha, na hapo ndipo anapowashinda, kwa sababu raundi yenye ngumi chache ni raundi yake. Anayepiga mwili haoni aibu hiyo, kwa kuwa kila anachorusha kinagonga kitu.

Shahidi wangu ni José Luis Castillo, tarehe 20 Aprili 2002. Floyd alikuwa na miaka 25, miguu ingali mizima, kwa hiyo usinipe kisingizio cha uzee. Yule Mmexico hakumfukuza mbio ulingoni. Alimkatia njia, akamweka kwenye kamba, akamwegemea kwa kichwa na bega huku akimtwanga mbavuni kwa mikono yote miwili, taratibu, bila papara. Hesabu ya CompuBox, wale wanaohesabu ngumi za kila pambano, ilimpa Castillo ngumi 203 zilizofika, Floyd 157. Majaji wakampa Floyd: 116-111, 115-111 na 115-111. Sijawahi kuzielewa pointi zile na sidhani nitazielewa. Kwa macho yangu, rekodi ile ya 50-0, ushindi hamsini bila kupigwa, ina doa pale.

Marcos Maidana wa Argentina aliifuata njia hiyo alipopigana na Floyd Mei 2014, kwa fujo zaidi. Ule mkono wake wa kulia ulikuwa unazunguka juu ya bega na kutua utosini, mahali ambapo kinga haikupangwa kuukuta. Ngumi 221 zilifika, na katika mapambano ya Floyd yaliyohesabiwa hakuna mpinzani aliyemgusa mara nyingi hivyo. Lakini alirusha 858 ili apate hizo, na jaji anaona zilizopotea pia. Mmoja alitoa sare, wawili wakampa Floyd.

Hapo kuna jambo ambalo hatulizungumzi vya kutosha: mwamuzi. Tony Weeks aliwaacha wapigane wakiwa wameshikana, na Maidana akafaidi. Waliporudiana Septemba, Kenny Bayless aliwatenganisha haraka, na Maidana akawa mtu mwingine. Mtindo wa kubana unahitaji mwamuzi anayeuacha ufanye kazi.

Kitu cha pili ni jebu, ile ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele. De La Hoya, Mei 2007, alimtatiza kwa ule mkono wa mbele, kisha nusu ya pili akauacha. Hata hivyo jaji mmoja alimpa ushindi. Jebu ya kugonga kifuani inamzuia Floyd asiegemee nyuma kwa raha, na ndiyo inayofungua mlango wa kuingia mbavuni. Nguvu pekee haitoshi. Shane Mosley alimyumbisha Floyd raundi ya pili mwaka 2010, magoti yakalegea dunia nzima ikiona, kisha hakushinda raundi nyingine ya maana.

Sasa unataka jina. Najua utasema Thomas Hearns, bondia wa miaka ya themanini, kwa urefu na jebu yake, na sitabishana sana. Langu ni Mpanama Roberto Durán, yule wa Montreal, Juni 1980, usiku aliompiga Sugar Ray Leonard. Watu wanamkumbuka kwa hasira, lakini mtazame kichwa chake kinavyocheza anapoingia, anavyodanganya kwa bega, anavyofanya kazi ndani akiwa ameshikwa. Huyo ni Castillo mwenye ujanja zaidi. Utanitupia New Orleans, pale aliporudiana na Leonard na kugoma kuendelea raundi ya nane, mwezi Novemba mwaka uleule, na una haki. Ndiyo maana nasema pambano moja tu. Castillo na Maidana wote walipigwa waziwazi zaidi waliporudiana, kwa sababu Floyd hasahau alichofanyiwa. Durán angemshinda mara ya kwanza, pointi mbili au tatu. Mara ya pili nisingethubutu kumwekea dau.

Kabla hujanijibu, tafuta lile pambano la Castillo ulitazame bila sauti, watangazaji wasikuvute. Andika pointi zako raundi kwa raundi, unitumie karatasi yenyewe. Yangu nimeshaiandika, nitaiposti nikipata yako.

Wako,
Swahiba