Nishati haizunguki: sahihisho kutoka Kibosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nisahihishe sentensi moja iliyokuwamo katika makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu uhamaji wa nyumbu wa Serengeti. Mwandishi, ambaye kwa sehemu kubwa ameieleza safari ile vizuri, alisema kwamba nyumbu wanaokufa majini huirudishia ardhi nishati ambayo baadaye nyasi huitumia tena. Nimefundisha biolojia kwa miaka mingi hapa Moshi kabla ya kustaafu, na kosa hilo nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu katika madaftari yasiyo na idadi, kwa hiyo asidhani kwamba namwonea yeye peke yake. Ila gazeti lako linasomwa na watoto wanaojiandaa kwa mitihani, na ninayo sababu nyingine pia, ya migombani, nitakayoieleza.

Hakuna mgomba wala nyasi inayopata nishati kutoka kwenye mzoga. Mimea huipata kwenye mwanga wa jua kwa njia ya usanisinuru, na hata hapo hunasa sehemu ndogo mno ya mwanga unaoiangukia, ambayo shambani kwa kawaida haifiki hata 2%. Kinachotoka kwenye mzoga na kuingia mzizini ni maada, yaani naitrojeni, fosforasi, potasiamu na virutubisho vinginevyo. Nishati iliyokuwa katika nyama na mafuta ya nyumbu yule hutumiwa na tumbusi, samaki, funza na bakteria, na kila mmoja wao huigeuza kuwa mwendo na joto. Na joto likishatawanyika hewani, hakuna kiumbe awezaye kulikusanya tena likawa chakula.

Anayetaka kuiona nishati ikiondoka na aamke alfajiri ya mwezi Julai, baridi ya Kibosho ikiwa imekaza, aende kwenye banda la ng'ombe. Mvuke unaofuka mgongoni mwa mnyama yule ni majani ya jana. Wazee wetu waliokuwa wakilala nyumba moja na mifugo walilifahamu jambo hilo bila ubao wala chaki, kwa kuwa joto ambalo ng'ombe hakuweza kulizuia lisimtoke ndilo lililowapasha watoto usiku kucha. Kwa kadirio la kawaida, karibu 10% tu ya nishati iliyo katika ngazi moja ya ulaji, tuseme nyasi, ndiyo inayojengwa kuwa mwili wa ngazi inayofuata, tuseme mla nyasi, ingawa kiwango hicho huweza kushuka au kupanda kulingana na mnyama na mahali. Aliyetufundisha kuhesabu kwa namna hii ni Raymond Lindeman, kijana wa Kimarekani aliyechunguza ziwa dogo lenye matope huko Minnesota, na ambaye makala yake mashuhuri ilitoka mwaka 1942, miezi michache baada ya yeye kufariki akiwa hajatimiza miaka 27.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini simba ni wachache na swala ni wengi, na kwa nini Ziwa Natron huweza kuwa na heroe kwa malaki. Heroe wadogo hula moja kwa moja vijimea vya spirulina vilivyonasa jua, hivyo hasara ya njiani hutokea mara moja tu. Kama kungekuwa na ngazi nyingine mbili katikati, ziwa lile lile lingewatosha ndege wachache mno, na watalii wangeiona safari ya huko kuwa ndefu bure.

Nirudi kwa nyumbu, maana hapo ndipo mwandishi alipokuwa na habari nzuri kuliko aliyoiandika. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hufa maji kila mwaka katika Mto Mara, na mizoga yao ina uzito wa takriban tani 1,100. Mamba, ambao ndio hupigwa picha, hula sehemu ndogo tu ya shehena hiyo. Nyama na ngozi huoza katika muda wa wiki kadhaa na kuwalisha samaki na tumbusi, lakini mifupa hukaa chini ya maji kwa takriban miaka 7 ikiachilia fosforasi kidogo kidogo, huku utando wa mwani na bakteria unaoota juu yake ukiliwa na samaki. Nyumbu aliyezama mwaka huu anaulisha mto muda mrefu baada ya joto la mwili wake kusahauliwa.

Tena kuna habari ya sotoka, ambayo wafugaji wazee wa Arusha na Ngorongoro wanaikumbuka kwa machungu ya kurithi. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 ukamaliza ng'ombe, nyati na nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, virusi vilikosa pa kujificha hata kwa wanyamapori, na nyumbu wa Serengeti wakaongezeka kutoka takriban 250,000 hadi kupita milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Midomo yote hiyo ilikula nyasi ambazo awali zilibaki zikakauka na kuungua kila kiangazi. Moto ukapungua, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua, na hewa ukaa iliyokuwa ikipanda na moshi ikaanza kuhifadhiwa katika mbao na udongo. Jani lililopita tumboni huanguka kama kinyesi, mende wa kinyesi wakalizika, mvua ikalishusha mizizini. Jani lililoungua hupoteza sehemu kubwa ya naitrojeni yake hewani, na majivu yake huondoka na upepo au maji ya kwanza ya mvua.

Tofauti hiyo kati ya tumbo na moto ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu huku Kilimanjaro tunahama taratibu kutoka upande wa tumbo kwenda upande wa moto.

Kihamba cha Mchagga, yaani shamba linalozunguka nyumba yake, kilikuwa kimepangwa kama msitu: mringaringa na mfuruanje juu, migomba chini yake, kisha kahawa, kisha magimbi. Ng'ombe alikaa bandani akiletewa vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa na machicha ya mbege, na samadi ikarudi kwenye shina la mgomba ule ule. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo hiki cha vihamba katika kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wenye umuhimu wa kidunia, na tukapiga makofi. Lakini tusijidanganye kwamba mduara ule ulikuwa umefungwa. Kila gunia la kahawa lililouzwa liliondoka na virutubisho vyake, na sehemu ya pengo hilo ilizibwa na mama zetu, waliopanda kutoka tambarare na mizigo ya majani vichwani. Mizigo ile tuliiita chakula cha ng'ombe, nayo kwa hakika ilikuwa mbolea ya migomba iliyochotwa kwenye udongo wa chini na kupandishwa mlimani kwa shingo ya binadamu. Hapa nishati na maada hukutana: maada haijizungushi yenyewe, ni lazima kitu kiisukume, na msukumo huo hauna marudio. Shingo ya mama iliendeshwa na ugali, ugali na mahindi, mahindi na jua.

Siku hizi mabanda mengi ni matupu. Mikungu hupakiwa kwenye malori Mwika na Marangu, na jioni yake potasiamu ya mlima wetu iko njiani kuelekea Dar es Salaam, isiyo na njia ya kurudi. Siwalaumu wanaouza, nami huuza, kwa kuwa ada za shule hazilipwi kwa mtori. Wala simo miongoni mwa wanaoilaani mbolea ya dukani. Ni njia mojawapo ya kurudisha kilichoondoka, ijapokuwa naitrojeni ya urea hunaswa hewani kiwandani kwa nishati nyingi, kwa kawaida ya gesi asilia, ambayo nayo ni jua la kale lisilorudi. Kinachonisumbua ni ndizi ambazo hazikusafiri kabisa. Maganda, mabua ya mikungu, majani ya kufungashia na mboga zilizooza katika masoko yetu ya hapa hapa Moshi husombwa pamoja na plastiki hadi dampo, na nimeshuhudia zaidi ya mara moja lundo hilo likichomwa moto. Umbali kutoka sokoni hadi kwenye shamba lenye njaa ya mbolea ni mwendo wa guta moja.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza ni sahihisho fupi katika toleo lijalo: nishati huingia kutoka juani, hupita na kutoka kama joto, maada ndiyo inayozunguka. La pili nalielekeza kwa wanaosimamia masoko yetu. Watengeeni wauza ndizi na wauza mboga sehemu yao ya kutupia taka, isiyochanganywa na mifuko wala chupa, na muiache wazi kwa wakulima siku ya gulio. Kama inahitajika mtu wa kuanza naye, mimi nitachukua magunia mawili kila wiki na nauli nitalipa mwenyewe.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kibosho, Moshi